Jeni Iliyopo na Jeni Isomwayo

Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu huzaliwa akiwa mzima. Hulia kwa nguvu kama wenzake, hunyonya, huongezeka uzito, na mkunga hana cha kumtilia shaka. Miezi hupita. Kisha, mara nyingi akikaribia nusu mwaka au akishapita hapo, mama huamka akakuta viganja vya mwanawe vimevimba, nyayo zimevimba, zina joto, na mtoto hataki kuguswa. Hakuna jeraha, wala hakuanguka. Vijishipa vya damu ndani ya mifupa midogo ya vidole vimezibwa na seli nyekundu zilizojipinda mfano wa mundu, na mfupa unakosa oksijeni. Tukimpima mtoto huyo leo tutaikuta jeni yenye kosa. Tungempima siku aliyozaliwa tungeikuta pia, na lau tungempima akiwa kiinitete cha seli nane tungeikuta mahali palepale, katika kila moja ya seli hizo nane. Kosa lilikuwapo tangu mwanzo. Ugonjwa ndio haukuwapo. Basi jeni hiyo ilikuwa ikifanya nini miezi yote hiyo, tisa ya tumboni na mitano au sita ya mgongoni kwa mama?

Jibu fupi ni kwamba ilikuwa ikisomwa kidogo sana. Jibu refu ndilo mhadhara huu. Tumezoea kuzungumza kana kwamba kuwa na jeni ni sawa na kuwa na jambo lenyewe: fulani ana jeni ya kukimbia, yule ana jeni ya kunenepa, ukoo ule una jeni ya kisukari. Nitadai kwamba kuwa na jeni ni jambo moja na jeni hiyo kusomwa ni jambo la pili, na kwamba tofauti kubwa za mwili, baina ya seli na seli, umri na umri, na mara nyingine mtu na mtu, hutokana na hilo la pili. Seli haipati sura yake kwa orodha ya jeni ilizonazo. Huipata kwa namna jeni hizo zinavyosomwa: zipi, lini, wapi na kwa kiasi gani. Dai hili lina matokeo yake hata kwa tiba, kwa sababu anayeamini kwamba kila kitu kimo ndani ya jeni atatafuta dawa ya kuisahihisha jeni, na huenda njia iliyo wazi zaidi ikawa inapita kando yake.

Tuanze na upande unaonipinga, tena katika mfano wake ulio imara kuliko yote. Himoglobini ndiyo protini inayoipa damu wekundu na inayobeba oksijeni. Seli moja nyekundu imejaa molekuli zake zipatazo milioni 270. Kila molekuli ina minyororo minne: miwili ya aina ya alfa, yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya aina ya beta, yenye asidi amino 146. Maagizo ya mnyororo wa beta yameandikwa katika kromosomu ya 11, katika kipande cha DNA chenye herufi 1,600 hivi. Kimeng'enya hukipitia kipande hicho na kutoa nakala ya RNA. Nakala hukatwa, sehemu mbili za katikati hutupwa, na tatu zilizobaki huungwa. Ndipo inapotoka kwenye kiini cha seli na kufika kwenye ribosomu, ambako husomwa herufi tatu tatu, kila utatu ukiita asidi amino yake. Mwaka 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitia RNA yenye herufi moja tu inayojirudia katika maji ya bakteria waliopondwa, wakapata mnyororo wa asidi amino ya aina moja tu. Kufikia mwaka 1966 kazi ya tatu zote 64 ilikuwa imejulikana, 61 zikiita asidi amino na 3 zikiamuru kukoma. Katika selimundu, utatu wa sita wa mnyororo wa beta, ambao ulipaswa kuwa GAG, umekuwa GTG.

Ni herufi moja tu. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa hutembea tofauti katika uwanja wa umeme, wakauita ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye, huko Cambridge, Vernon Ingram akabaini kwamba asidi ya glutamiki imepokewa nafasi yake na valini. Asidi ya glutamiki hupatana na maji, valini huyakimbia. Oksijeni inapoondoka kwenye molekuli, valini ile hupata kishimo katika molekuli jirani ikajishikiza, jirani naye akashika mwingine, na baada ya muda mfupi nyuzi ndefu ngumu zimeijaza seli na kuipinda. Kutoka herufi hadi maumivu ya kiungo, mlolongo wote unafuatika. Hakuna mfano unaoipa nguvu zaidi fikra ya jeni mtawala. Nimeuchagua kwa makusudi, kwa sababu hoja yangu ikisimama hapa haitayumba penginepo.

Jambo la kwanza la kutia doa katika fikra hiyo ni kwamba jeni ya beta imo pia katika seli za ngozi, za ini, za ubongo na za jicho, na katika hizo zote haitoi himoglobini hata chembe. Katika karne ya 19 August Weismann alilieleza jambo la namna hii kwa dhana iliyoonekana ya busara: seli inapobobea, hubaki na sehemu ya urithi inayoihitaji na kupoteza nyingine. Dhana hiyo ilivunjwa na chura. John Gurdon, akiwa Oxford, alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi wa chura wa Kiafrika aina ya Xenopus, akakipandikiza ndani ya yai lililoondolewa kiini chake. Mengi ya mayai hayo yaliharibika, lakini machache yalikua yakawa viluwiluwi kamili, wenye macho, misuli na damu; kazi hiyo aliichapisha mwaka 1962. Kiini cha seli ya utumbo kilikuwa bado kinajua kutengeneza jicho. Dolly, kondoo aliyezaliwa Uskoti mwaka 1996 kutokana na seli ya kiwele, aliusema ukweli huohuo kwa mnyama anyonyeshaye. Anayehifadhi msahafu mzima kifuani hausomi wote katika rakaa moja. Husoma sura chache zinazofaa wakati ule, na zilizobaki hazimtoki kifuani. Ndivyo ilivyo seli. Kubobea kwake ni kuchagua cha kusoma, na uchaguzi huo, kama Gurdon alivyoonyesha na kama Shinya Yamanaka alivyothibitisha mwaka 2006 alipozirudisha seli za ngozi ya panya kwenye hali ya uchanga kwa jeni nne tu, unaweza kutenguliwa.

Idadi nazo zinasema jambo hilohilo. Kabla ya ramani ya DNA ya binadamu kutolewa mwaka 2001 wengi walitarajia jeni 100,000 za kutengenezea protini. Zimepatikana 20,000 hivi, na maagizo yao ya protini hayajazi hata sehemu mbili katika mia za DNA yote. Mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja na seli 959 za mwili, anazo karibu idadi hiyohiyo. Sisi tunahesabiwa kwa matrilioni ya seli. Kama wingi wa jeni ndio ungekuwa kipimo cha ugumu wa mwili, mimi na mnyoo huyo tungekuwa ndugu wa karibu mno. Nyingi ya DNA iliyobaki haijulikani kuwa na kazi yoyote, na sitaki kuipamba. Lakini ndani yake mna maelfu kwa maelfu ya vipande vifupi vinavyoamua jeni ipi isomwe wapi.

Kwamba kusoma kunaweza kuzuiwa na kuruhusiwa kulionekana kwanza kwa bakteria. Mwaka 1961, huko Paris, François Jacob na Jacques Monod walieleza jinsi Escherichia coli anavyokula sukari ya maziwa. Bakteria huyo ana jeni za vimeng'enya vya kuivunja, lakini hazisomwi ovyo: protini moja hukaa juu ya DNA mbele ya jeni hizo na kuziba njia. Sukari ya maziwa ikiingia, bidhaa yake huishika protini ile, ikaachia, na jeni zikasomwa. Sukari ikiisha, mlango hufungwa tena. Jambo lililofunuliwa hapo lilikuwa jipya kabisa: kuna jeni ambazo kazi ya protini zake ni kuongoza usomaji wa jeni nyingine, na kuna sehemu za DNA ambazo hazitoi protini yoyote, kazi yake ni kuwa mahali pa kushikwa.

Sasa turudi kwenye himoglobini, maana udhibiti wake ni mgumu kuliko wa bakteria na una mafunzo zaidi. Katika kromosomu ya 11 jeni ya beta haiko peke yake. Zimepangwa tano kwa safu: epsiloni, gama mbili, delta, kisha beta. Mpangilio huo unafuata umri. Katika wiki za mwanzo za ujauzito, seli za damu zinapotengenezwa kwenye kifuko kidogo kinachoambatana na kiinitete, husomwa epsiloni. Kazi ikihamia kwenye ini la kijusi, epsiloni hunyamaza na gama mbili husomwa. Uboho wa mifupa unaposhika usukani, gama hupungua na beta hupanda. Himoglobini yenye gama hushika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mtu mzima, na ndiyo maana kijusi huweza kuipokea kutoka kwenye damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Mtoto huzaliwa na himoglobini hiyo ya tumboni ikiwa ndiyo nyingi, kwa kawaida zaidi ya nusu, na katika mwaka wa kwanza hushuka hadi kubaki kidogo sana. Janet Watson, daktari wa watoto wa Brooklyn, alipendekeza mwaka 1948 kwamba hiyo ndiyo sababu watoto wachanga wenye selimundu hawaumwi: gama haina lile kosa, na tena huzivuruga nyuzi zisijipange. Kipindi cha usalama ni kipindi cha gama.

Mtu anaweza kudhani kwamba kuzaliwa kwenyewe, pumzi ya kwanza na oksijeni tele, ndiko kunakoigeuza seli. Watoto njiti wanaikanusha dhana hiyo. Mtoto aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati habadilishi himoglobini yake mapema kwa sababu ametoka mapema; hufuata umri uliohesabiwa tangu kutungwa mimba, karibu sawa na aliyebaki tumboni. Kuna ratiba, na ratiba hiyo imo ndani ya seli zinazozaa damu.

Inatekelezwaje? Kabla ya safu ya jeni hizo tano, mbali na beta kwa makumi ya maelfu ya herufi, kuna eneo la DNA lisilotoa protini yoyote. Katika seli zinazoelekea kuwa nyekundu, eneo hilo hushikwa na protini kadhaa, mojawapo ikiitwa GATA1. DNA hupinda kama kitanzi, na eneo lile hugusana na jeni inayotakiwa kusomwa. Likigusana na gama, gama husomwa. Likiachana nayo na kugusana na beta, zamu ni ya beta. Tunajua umuhimu wake kwa sababu kuna watu waliozaliwa bila eneo hilo. Katika miaka ya 1980 ilichunguzwa familia moja ya Uholanzi yenye aina moja ya talasemia, upungufu wa damu unaotokana na kukosa minyororo ya beta. Jeni ya beta yao ilipopimwa herufi kwa herufi ilikutwa timamu, haina kosa hata moja. Kilichokosekana ni kipande kikubwa cha DNA kilichokuwa kabla yake. Nawaomba wasikilizaji watue hapa kidogo, kwa kuwa ushahidi huu unatosha kuwa nguzo ya hoja yote: jeni nzima, isiyo na dosari, ndani ya seli iliyo sahihi, na bado haitoi kitu kwa sababu hakuna wa kuisomesha. Mgonjwa wa selimundu ana jeni mbovu inayosomwa. Mgonjwa huyu ana jeni njema isiyosomwa. Anayetazama jeni peke yake atampa wa pili cheti cha afya.

Udhibiti hauishii kwenye DNA. Minyororo ya alfa hutoka kromosomu ya 16 na ya beta kromosomu ya 11, na bado lazima ilingane, kwa sababu alfa isiyopata mwenzake huganda na kuiua seli. Himoglobini huhitaji pia madini ya chuma. Yakipungua, kimeng'enya maalumu katika seli changa ya damu huzuia ribosomu zisianze kutengeneza minyororo, ingawa nakala za RNA zipo tele. Ndiyo maana seli za mtu mwenye upungufu wa chuma huonekana ndogo na zilizofifia chini ya hadubini. Tena kuna jambo ambalo hunishangaza kila ninapolifikiri. Seli nyekundu inapokomaa hukitema kiini chake, pamoja na kromosomu zote 46. Kwa siku moja au mbili baada ya hapo bado hutengeneza himoglobini, kwa nakala ilizojiwekea. Seli isiyo na jeni hata moja inazalisha protini! Baada ya hapo huishi siku 120 hivi ikibeba oksijeni, bila DNA. Kama jeni ni mfalme, huyu ni mfalme aliyekwisha kuondoka huku kazi ikiendelea.

Pingamizi la kwanza sasa lijibiwe. Mtu atasema: yote hayo kweli, lakini herufi ya GTG haibadiliki, na aliyeipata kwa baba na mama ataumwa tu, mapema au baadaye. Wengi wao wanaumwa, ni kweli. Lakini tangu miaka ya 1950 madaktari waliokuwa Afrika, miongoni mwao waliokuwa Uganda, walieleza habari za watu wazima ambao himoglobini yao ya tumboni haikushuka. Mwaka 1958 G. F. Jacob na A. B. Raper walichapisha uchunguzi wa familia za Uganda zenye hali hiyo pamoja na jeni ya selimundu. Mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja na hali hii kwa mwingine hana himoglobini ya kawaida ya watu wazima, na bado huishi karibu bila dalili. Katika jimbo la mashariki la Saudi Arabia wako watu wenye herufi mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, kama mgonjwa wa Mwanza au wa Kisumu, ila ugonjwa wao kwa kawaida ni mwepesi kuliko huo, hasa utotoni. Himoglobini yao ya tumboni ni nyingi. Kosa ni lilelile na maisha ni tofauti. Herufi inaeleza kwa nini seli inaweza kujipinda. Haielezi ni nani ataumwa, lini na kwa kiasi gani.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, na anayelitoa huwa amefuatilia kwa makini. Mwaka 2008 kundi la Stuart Orkin huko Boston lilionyesha kwamba protini iitwayo BCL11A ndiyo inayoinyamazisha gama. Miaka kumi baadaye ikajulikana mahali hasa inaposhika: herufi chache zilizo kama 115 kabla ya mwanzo wa jeni ya gama, na baadhi ya familia zinazobaki na himoglobini ya tumboni ukubwani zina badiliko la herufi papo hapo, hivyo BCL11A haipati pa kushika. Lakini BCL11A nayo ina jeni yake, katika kromosomu ya 2. Mwaka 1987, vilevile, kundi la Harold Weintraub lilitia jeni moja iitwayo MyoD katika seli za panya ambazo hazikuwa za misuli, zikageuka kuwa za misuli. Basi, atasema mpingaji, umeivua jeni moja taji ukaivisha nyingine. Mtawala amebadilika jina tu.

Nalikubali nusu yake. Ni kweli wasomeshaji wa jeni hutoka kwenye jeni, na sitaki kuleta nguvu ya ajabu iliyo nje ya kemia. Lakini tuitazame BCL11A yenyewe. Hupatikana katika seli changa za damu nyekundu, katika aina fulani ya seli za kinga, na katika ubongo, ambako watoto wanaozaliwa na nakala moja mbovu hupata ulemavu wa akili. Protini ni moja, kazi ni tofauti kwa kutegemea inakojikuta. Na kinachoamua kwamba itengenezwe kwa wingi katika damu ni kipande kifupi cha DNA ndani ya jeni yake, kilichotambuliwa mwaka 2013, ambacho hufanya kazi katika seli nyekundu tu kwa sababu humo ndimo GATA1 na wenzake wamo. GATA1 nayo imo kwa sababu ya protini nyingine zilizotangulia. Tukiendelea kurudi nyuma hivyo tutafika kwenye yai, na hata huko hatutaikuta jeni ikiwa peke yake: katika siku za kwanza kiinitete cha binadamu huishi kwa akiba ya RNA na protini ambazo mama aliziweka ndani ya yai, na jeni zake mwenyewe huanza kusomwa kwa wingi kinapofikia seli nne hadi nane. Haijapata kuonekana jeni iliyosomwa pasipo seli iliyokwisha kuwapo, wala seli inayodumu pasipo kusoma jeni. Katika mzunguko wa namna hiyo, kumtafuta mtawala mmoja ni kuuliza swali lisilo na pa kushika. Swali lenye faida ni hili: ukigusa wapi, kitu gani kitabadilika, na wapi?

Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki kuna ushahidi mwingine ulio karibu zaidi na kibuyu. Wanyama wanyonyeshao, binadamu akiwamo, huacha kutengeneza laktasi, kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, wakishaachishwa ziwa. Watu wazima wengi duniani wakinywa maziwa mabichi mengi tumbo hujaa hewa na kuharisha. Katika jamii zilizofuga kwa muda mrefu wengi hawana shida hiyo. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakapata mabadiliko matatu ya herufi yanayoambatana na uwezo huo. La Tanzania na Kenya liko herufi 14,010 kabla ya mwanzo wa jeni ya laktasi, ndani kabisa ya jeni jirani isiyohusika na maziwa. Wazungu wanalo lao, mahali pengine karibu na hapo, na miongoni mwa Waarabu limeenea jingine. Laktasi yenyewe, katika wote hao, ni ileile anayoitumia kila mtoto mchanga. Kilichobadilika ni ratiba ya kusomwa. Ufugaji wa ng'ombe na ngamia, katika miaka elfu chache, uliacha alama yake kwenye usomaji, na uliiacha zaidi ya mara moja, katika mabara tofauti.

Kuna wanaonipinga kutoka upande wa pili kabisa, na hawa nawaogopa kidogo kuliko wa kwanza. Wamesikia kwamba jeni huwashwa na kuzimwa, wakahitimisha kwamba kila kitu kiko mikononi mwetu: kunywa juisi hii, meza kidonge kile cha mitishamba, DNA yako itajirekebisha. Hoja yangu haiwasaidii. Ni kweli kuna alama za kikemia zinazobandikwa juu ya DNA na kubanduliwa. Jeni ya gama ya mtu mzima inazo, na mwaka 1982 dawa kali ya saratani inayozuia alama hizo ilitumiwa kupandisha himoglobini ya tumboni kwa mgonjwa wa talasemia. Lakini hiyo ilikuwa dawa yenye sumu yake, na iligusa jeni nyingi kwa mpigo. Usomaji wa jeni umefungwa kwa ratiba na kwa protini zinazolindana; laiti ungekuwa mwepesi kugeuzwa na kifungua kinywa, ini lingeamka siku moja likawa figo. Udhibiti kuwa muhimu na udhibiti kuwa rahisi kubadili ni mambo mawili, na anayeyachanganya huwa ana chupa ya kuuza.

Kipimo cha mwisho cha hoja ni tiba. Mwezi Novemba 2023 Uingereza, na mwezi Desemba Marekani, ziliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia mkasi wa molekuli ambao uliwapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel ya mwaka 2020. Wengi waliposikia walidhani herufi mbovu inasahihishwa. Haiguswi kabisa. Seli zinazozaa damu hutolewa kwa mgonjwa, mkasi hukata kile kipande kifupi ndani ya jeni ya BCL11A kinachofanya kazi katika damu tu, uboho wa zamani huuliwa kwa dawa kali, na seli hurudishwa. BCL11A ya ubongo inabaki salama, gama inasomwa upya, na GTG inaendelea kuwapo katika kila seli kama ilivyokuwapo tangu siku ya kwanza. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu. Kama ugonjwa ungekuwa ni jeni kuwapo, watu hao wangekuwa bado wagonjwa.

Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na inahitaji wodi ya upandikizaji wa uboho ambayo hospitali nyingi za kanda hii hazina. Tanzania, Uganda na Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo ni haki kuuliza elimu hii inamfaa nani. Jibu la sasa ni kidonge cha zamani, haidroksiyurea, ambacho pamoja na mengine huongeza himoglobini ya tumboni. Kilipojaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 huko Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, kilipunguza maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo. Hakihitaji wodi ya upandikizaji. Kinahitaji mtoto atambuliwe mapema kwa kupimwa damu akiwa mchanga, apewe dozi kulingana na uzito, na apimwe mara kwa mara seli zake zisishuke mno. Watafiti wanatafuta kingine kitakachoiondoa BCL11A moja kwa moja. Ugumu wao ni uleule ambao mkasi uliukwepa. Mkasi ulikata mahali panapotumika na damu peke yake, lakini kidonge kikishaingia mwilini hukutana na protini popote ilipo, kwenye uboho, kwenye seli za kinga na, kikivuka, kwenye ubongo wa mtoto ambao bado unakua.